Umestaafu kucheza, unataka ukocha? Kwanza weka mpira chini

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja anayecheza ligi ya basketi ya mkoa, goti limemtesa misimu 2 na sasa daktari kamwambia basi. Kaniandikia, "Dada kocha, na mimi nataka nifundishe mabinti wa chuo kama wewe, nianzie wapi?" Nimeisoma mara tatu nikakaa kimya, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu, niliingia tu kwa kujiamini, na yaliyonikuta mwaka wa kwanza sijawahi kuyaandika. Leo nayaandika.

Nimecheza basketi miaka 11, gadi namba moja, yule anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake, misimu 2 nikiwa nje kwa mkataba, nalipwa. Nilivyorudi chuo kimoja kikaniita nichukue timu ya wanawake na moyoni nikasema hii kazi ni yangu, nani mwingine anaujua mchezo kama mimi? Mechi ya kwanza tukafungwa kwa tofauti ya pointi 41. Nikasema mabinti wavivu. Ya pili tukafungwa tena, nikasema hawana kiu ya ushindi kama sisi tulivyokuwa nayo. Yani kila kitu ni wao.

Sasa kuna binti mmoja, mwaka wa pili, mikono mizuri sana ila akibanwa anainama kuangalia mpira. Siku hiyo nikavua jezi ya ukocha nikaingia mwenyewe kumkaba nikimwambia "nipite". Nikamnyang'anya. Nikamrudishia, nikamnyang'anya tena. Mara nane, wenzake wamesimama kwenye mstari wanaangalia, hakuna anayecheka, kinachosikika ni raba kwenye sakafu tu. Mara ya nane hakuufuata mpira, akaenda akachukua begi lake akaondoka. Mimi bado nahema najiona nimemfundisha kitu! Wiki iliyofuata nikamkuta kwenye foleni ya chipsi nje ya geti, nikamuuliza mbona huji mazoezi. Akaniangalia usoni akasema, "Kocha, siku ile ulikuwa unanifundisha au ulikuwa unashindana na mimi?"

Sikuwa na jibu. Hakurudi. Amemaliza chuo, nilimuona siku ya mahafali kwa mbali na joho lake nikashindwa kumsogelea, na mpaka leo nikiona gadi anainamia mpira namkumbuka yeye.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza mdogo wangu: weka mpira chini. Ulichokuwa unakifanya bila kufikiria, wewe mwenyewe hujui unakifanyaje, na ukiulizwa utaishia kusema "angalia mimi". Kuangalia siyo kufundishwa. Mimi ilibidi nijizuie mwezi mzima nisiguse mpira mazoezini, filimbi na mdomo tu, ndo nikagundua sina maneno. Sikuweza hata kumweleza mtu pasi ya kudunda aitoe mguu gani umetangulia. Nilianza upya kabisa, usiku nachora kwenye daftari miguu inavyokaa.

Kipindi hicho ndo nilianza kumfuatilia Dawn Staley, kocha wa basketi ya wanawake kule Marekani, na kama humjui tafadhali mjue. Mtoto wa Philadelphia kaskazini, gadi mfupi tu, dhahabu 3 za Olimpiki, Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004, na huko Athens ndiye aliyebeba bendera ya Marekani. Watu wanamuona leo bingwa wa vyuo vya Marekani na chuo cha South Carolina mara 3, 2017, 2022 na 2024, tena hiyo ya 2024 kwa mechi 38 bila kupoteza hata moja, wanadhani jina lilimbeba. Jamani! Ukocha mwanzoni hata hakuutaka, alivyokubali kufundisha chuo cha Temple mwaka 2000 alikuwa bado mchezaji. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, wanacheza kiangazi na vyuo vinaanza Novemba, kwaiyo kiangazi anacheza, baridi ikiingia anafundisha, mpaka alivyoacha kucheza 2006. Halafu akaenda South Carolina 2008, kule mama yake alikotokea, na msimu wa kwanza alishinda 10 akafungwa 18. Kumi! Mtu mwenye dhahabu 3 shingoni. Nusu fainali ya taifa akiwa kocha aliigusa kwa mara ya kwanza 2015. Mimi nilisoma hiyo 10 kwa 18 nikalia, kweli nililia, maana nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi.

Sikuipeleka. Miaka ya katikati naiacha, ni mazoezi na mazoezi. Msimu huu tumeingia fainali ya vyuo kanda yetu na tumechukua kombe, ndo maana meseji zimekuwa nyingi.

Ila nikwambie na hili, kinachoumiza zaidi siyo kufungwa. Wiki ya fainali basi la chuo wakapewa wavulana ambao walikuwa wameshatolewa, wanaenda mechi ya kirafiki, sisi tukapanda daladala mbili na madumu ya maji mapajani. Niliambiwa "nyie mabinti mtavumilia". Tumevumilia nini mpaka leo? Staley mwaka 2021 alidai alipwe sawasawa na kocha wa timu ya wanaume pale pale chuoni kwake, akapata mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 22.4. Sikwambii utapata hizo, nakwambia dai. Dai basi la timu, dai muda wa uwanja, dai pedi ziwepo kwenye boksi la huduma ya kwanza, usione aibu kuandika hiyo kwenye bajeti. Ukinyamaza wewe uliyecheza nje na jina unalo, binti wa mwaka wa kwanza atasema nini?

Na shirikisha wenzako. Kwenye basketi mabingwa wanaukata wavu wa goli wakautunza kama kumbukumbu. Carolyn Peck, mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa vyuo vya Marekani akiwa kocha, na chuo cha Purdue 1999, alimpa Staley kipande cha wavu wa fainali yake akitunze mpaka naye ashinde. Akashinda 2017, halafu akaukata wavu wake vipande akawatumia makocha wanawake weusi wenzake. Wetu tumeukata wiki iliyopita, mkasi tuliazima kwa fundi cherehani. Upo kwenye bahasha mezani hapa ninapoandika, unanuka vumbi.

Kwaiyo mdogo wangu uliyeniuliza, Jumatatu saa 10 jioni tunaanza, njoo na daftari. Kipande chako nimeshakikata. Mpira utaushika wiki ya tatu.