Jibu: Je, Mungu ameniacha kwa kuwa sikumaliza mfungo?

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza kama Mungu amekuacha kwa sababu msimu huu wa mavuno ya alizeti ulikosa ibada za asubuhi na hukumaliza mfungo wako. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonigusa ni kwamba umehesabu kila siku uliyokosa, lakini hukusema kama ulizungumza naye ukiwa shambani.

Katika Luka 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu aliyerudi nyumbani, yule mwana mkubwa alimwambia baba yake kwamba ametumika miaka mingi bila kuvunja amri yake, na bado alisimama nje akikataa kuingia kwenye karamu ya mdogo wake. Alikuwa mtoto wa nyumbani aliyejihesabu kuwa kibarua. Paulo naye, katika Wagalatia 4:6, anasema Roho wa Mwana ndiye anayelia mioyoni mwetu, "Aba," yaani Baba, na hakuna mtoto anayemwita baba yake kwa ratiba.

Sisemi kwamba mfungo hauna maana, kwani mimi mwenyewe hufunga. Nasema tu kwamba upendo wa Mungu haununuliwi kwa njaa. Bibi yangu, kule Mvumi, hakujua kusoma, lakini alipokuwa akipepeta uwele, ungo ukipanda na kushuka, alisema na Mungu kwa Kigogo kama anavyosema mtu na jirani aliyeketi kando yake, akinyamaza kidogo kufuta makapi kwenye nyusi, kisha akiendelea alipoishia. Kesho ukiwa unapura hiyo alizeti, mwambie tu kwamba umechoka.