Nakatwa bima kila mwezi, mbona nimenyimwa?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenzetu wa Uingereza, na kilio ni kimoja: mtu anakatwa Bima ya Taifa, anaugua, anaomba ESA (fao la asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu), ile inayotokana na michango, kisha anajibiwa hapana.

Nilifika Leicester Mei 2024, natunza wazee. Sijawahi kupitisha mwezi bila kukatwa. Mgongo umeniharibikia, nikaomba ESA mapema Juni 2026. Wameniandikia eti michango haitoshi. Haitoshi vipi, na slipu zote ninazo?

Pole sana, dada. Slipu zako ni za kweli na barua yao ni ya kweli, ila hakuna aliyekueleza kwamba michango ya karibuni haihesabiwi. Mwaka wa kodi kule unaanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Mwaka wa mafao unaanza Jumapili ya kwanza ya Januari. Kwa ombi la Juni 2026, inatazamwa miaka miwili ya kodi iliyokwisha kabla ya Januari 2026, yaani 2023/24 na 2024/25. Ulichokatwa tangu Aprili 2025 hakimo kabisa kwenye hesabu.

Masharti ni mawili. Katika mmoja wa miaka hiyo uwe na wiki 26 za mshahara uliofika kima cha chini cha bima, ambacho wakati huo kilikuwa pauni 123 kwa wiki. Hilo umelitimiza. La pili linadai miaka yote miwili: kila mmoja uwe na mapato ya kima hicho mara 50, yaani pauni 6,150. Mwaka 2023/24 ulikuwa bado hujapanda ndege, na hapo ndipo ulipokwama.

Sasa shika kalenda. Tarehe 3 Januari 2027 miaka inayotazamwa inasogea na kuwa 2024/25 na 2025/26, na yote miwili umeifanyia kazi. Ikiwa bado hutakuwa na uwezo wa kufanya kazi, peleka ombi jipya wiki hiyohiyo. Vyeti vya daktari visikatike hata siku moja katikati.

Mpaka hapo, mdai mwajiri SSP, malipo ya ugonjwa ambayo hayaulizi umechangia miaka mingapi. Yanakwenda hadi wiki 28, na tangu 6 Aprili 2026 yanaanza siku ya kwanza ya kuumwa badala ya siku ya nne. Ukihesabu wiki 28 kuanzia mwanzo wa Juni unafika katikati ya Desemba. Pengo la kujikaza ni la wiki chache, si la miezi.

Viza yangu imeandikwa sina haki ya fedha za umma. Nikiomba ESA, si nitajiharibia?

Hapana, kaka, na swali hili linaniuma kwa sababu najua watu wanalala na njaa kwa hofu hiyo. SSP na ESA ya michango hazimo kwenye orodha ya fedha za umma za uhamiaji, kwa kuwa umezipata kwa kazi yako. Zilizomo ni kama Universal Credit (msaada wa wenye kipato kidogo), Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba) na PIP (msaada wa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu). Hizo usiziguse bila kumuona mshauri wa uhamiaji mwenye leseni.

Nilichangia NSSF Tanzania miaka tisa. Haiwezi kujazia?

Haiwezi. Uingereza haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Tanzania, wala na Kenya.

Nilikaa nyumbani kulea, napata Child Benefit, posho ya watoto. Nimeambiwa inanijazia bima.

Inakujazia, mama, lakini kwa ajili ya pensheni ya uzeeni tu. Kwa ESA haikusaidii. Hali ni hiyohiyo kwa michango ya hiari ya daraja la tatu, kwa hiyo usiilipe ukidhani unanunua kinga ya ugonjwa.

Nina vibarua viwili Reading, usafi wa ofisini na jikoni. Vyote kwenye slipu mstari wa NI, yaani Bima ya Taifa, unasoma sifuri. Niko salama?

Chukua hizo slipu uziweke mezani, uache mstari wa NI na utazame mshahara kabla ya makato, kila kazi peke yake. Sifuri ina maana mbili. Mwaka 2025/26, aliyepata kati ya pauni 125 na 242 kwa wiki kutoka kwa mwajiri mmoja hakukatwa senti, lakini alihesabiwa kama aliyelipa. Aliyepata chini ya 125 hakukatwa na hakuhesabiwa.

Kazi mbili za waajiri wasiohusiana hazijumlishwi. Ukipata pauni 110 hapa na 115 kule, unatoka jasho la pauni 225 na kwenye rekodi wiki hiyo ni tupu, wakati mwenzako mwenye 130 za sehemu moja amehesabiwa. Mimi naona sheria hii inawaumiza hasa wale wanaoamka saa kumi alfajiri. Zungumza na meneja wa mojawapo akuongezee saa, hata mbili au tatu kwa wiki, mpaka uvuke kima cha mwaka huo. Kisha fungua rekodi yako ya Bima ya Taifa kwenye tovuti ya serikali, uone ni mwaka upi umejaa na upi una pengo, ukiwa bado mzima.