Je, asili ya Kiasia inampunguzia mwombaji nafasi katika vyuo vya Marekani?

SWALI: Mwanangu ni raia wa Tanzania mwenye asili ya Kigujarati, anamaliza kidato cha sita Dar es Salaam, na anaomba vyuo vikuu vya Marekani. Jamaa wanamshauri asijaze sehemu ya asili kwenye fomu, kwa madai kwamba Waasia hubaniwa. Wana haki? (Mama mzazi, Upanga)

JIBU: Mama, hofu ya jamaa zako haikuzuka hivi hivi, ila inahusu utaratibu wa vyuo kuzingatia asili ya mwombaji, ambao umekwisha kupigwa marufuku, na hata ulipokuwapo, mjadala wake ulikuwa juu ya Wamarekani wenye asili ya Asia, si mtoto anayeomba kutoka nje.

Mwaka 2014 kikundi cha Students for Fair Admissions kilikishtaki Chuo Kikuu cha Harvard kwa madai ya kuwabagua waombaji wenye asili ya Asia. Kesi iliposikilizwa mwaka 2018, umma uliona jinsi maofisa wa udahili walivyompa kila mwombaji alama za 1 hadi 6, 1 ikiwa ndiyo ya juu, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na haiba. Kwa wastani, Wamarekani wa asili ya Asia waliongoza katika masomo, wakafanya vizuri katika shughuli, kisha wakashuka kwenye haiba, yaani mambo kama ujasiri, wema na kupendeka, ambayo ofisa aliyasoma zaidi katika insha na barua za walimu kuliko kwa kukutana na mtoto mwenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu alama ya hisabati inaweza kuhakikiwa, lakini alama ya kupendeka haina pa kukatiwa rufaa.

Mahakama mbili za chini hazikuona ubaguzi wa makusudi. Hata hivyo, tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi wao na kukataza asili ya mwombaji kutumiwa kama kigezo, ikieleza kwamba pale nafasi zinapogombaniwa, anayeongezewa kwa asili yake anampunguzia mwingine. Ilitaja kwamba utaratibu wa Harvard ulipunguza idadi ya Waasia waliopokelewa kwa asilimia 11.1. Matokeo yake hayakuwa ya namna moja: mwaka 2024 sehemu ya Waasia katika wanafunzi wapya wa chuo cha teknolojia cha MIT ilipanda kutoka asilimia 40 hadi 47, ilhali katika Chuo Kikuu cha Yale ilishuka kutoka asilimia 30 hadi 24.

Mwanao hayumo katika hesabu hizo. Asiye raia wala mkazi wa kudumu huandikwa katika takwimu kama mwanafunzi wa kigeni, bila kugawanywa kwa asili. (Makundi yenyewe yana vituko vyake: hadi serikali ya Marekani ilipobadilisha mwongozo mwezi Machi 2024, Mmarekani mwenye asili ya Oman alihesabiwa Mzungu.) Zaidi ya hayo, Common App, yaani fomu ya maombi ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, sasa inaviruhusu vyuo kuficha jibu la sehemu hiyo lisiwafikie wasomaji wa maombi. Kwa hiyo akijaza au akiacha wazi, hapotezi kitu. Na jina lake la ukoo, kwa vyovyote vile, litasomeka.

Kuhusu insha, Jaji Mkuu John Roberts, aliyeandika uamuzi huo wa Mahakama ya Juu, aliacha mlango wazi: mwombaji anaweza kueleza jinsi asili yake ilivyogusa maisha yake, mradi chuo kimpime yeye binafsi. Kama mwanao amekua akihesabu mauzo ya duka la babu yake Kariakoo kwa Kigujarati na kuongea na wateja kwa Kiswahili, aandike hivyo bila woga. Kama maisha yake hasa ni maabara na roboti, asijilazimishe kuandika habari za asili.

Kinachoamua zaidi kwa mwombaji wa kigeni ni fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huamua bila kuangalia kama mwombaji ataomba msaada wa ada, lakini vyuo vingi huangalia. Kabla ya kulipa ada ya maombi, soma ukurasa wa kila chuo kuhusu msaada kwa wanafunzi wa kigeni, kisha mkadirie kiasi ambacho familia inaweza kuchangia kwa mwaka, kwa maana kiasi mtakachoomba kinaweza kumwathiri kuliko kisanduku chochote cha asili.