Mistari inang'aa, katikati nako kunang'aa: kosa si la taa

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, kwetu ni Mwanga, Kigoma. Nataka kupanga protini kwa mistari juu ya kioo. Nimepaka slaidi za kioo biotini, vitamini ndogo ya kunasia protini, iliyofunikwa kwa kundi la nitrobenzili, linalokatwa na mwanga. Nikazimulika kwa urujuanimno wa nanomita 365 kupitia maski, kibao kinachopitisha mwanga kwenye mistari ya maikromita 2 tu, kisha nikamwagia streptavidini, protini inayoing'ang'ania biotini, yenye rangi ing'aayo. Mistari inaonekana, ila nafasi za katikati nazo zinang'aa. Nimeongeza muda wa mwanga mara tatu, mambo yakazidi kuharibika. Rafiki yangu anasema nikoleze giza la picha kwenye kompyuta mpaka katikati kuwe cheusi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Picha usiiguse. Huyo rafiki anakufundisha kuficha jibu ambalo slaidi imeshakupa.

Swali lako hunifikia kila msimu wa tasnifu, na mara nyingi mwulizaji ameshahangaika kutafuta taa kali zaidi. Mnaamini mwanga ndio unaoipeleka protini mahali pake. Mwanga haupeleki protini popote! Unakata kifuniko cha biotini, basi. Baada ya hapo protini inajitafutia pa kukaa, nayo hung'ang'ania kioo kama mawese yanavyong'ang'ania kanga nyeupe. Streptavidini haihitaji biotini ili ikae kwenye kioo kilicho wazi. Kazi ngumu iko gizani: kuifanya sehemu isiyomulikwa iikatae protini.

Kwa hiyo rudi kwenye tabaka la chini. Panda polietilini glaikoli, minyororo isiyopendwa na protini, iliyosongamana vizuri juu ya kioo, na ni sehemu ndogo tu ya minyororo hiyo ibebe biotini iliyofunikwa nchani. Kabla ya streptavidini, ziba mianya iliyobaki kwa albumini ya seramu ya ng'ombe, protini ya damu isiyo na rangi ing'aayo. Osha kwa bafa (maji ya chumvi yenye asidi iliyodhibitiwa) yenye Tween 20 kidogo, ambayo ni sabuni laini, na slaidi isikauke kabla hujamaliza kuosha, maana protini ikikaukia pale kuitoa ni shida.

Kuongeza muda kumekuumiza kwa sababu mwanga hupinda ukingoni mwa mstari, na huo uliopinda nao umepata muda wa kukata. Punje ya vumbi ya maikromita 10 ikiinua maski, ukungu wa ukingo hufika karibu maikromita 2, yaani upana wote wa mstari wako. Vumbi la kiangazi cha Kigoma unalijua. Safisha maski kabla ya kulaumu taa. Tena, kipande kinachokatika kutoka kwenye nitrobenzili huweza kuwa na aldehaidi, kundi la kemikali ambalo hujishika kwenye amini, vikundi vyenye nitrojeni vilivyo kwenye protini. Kioshe chote kabla ya kumwaga streptavidini.

Na asikudanganye mtu kwamba urujuanimno wowote ni sawa. Taa za kuulia vijidudu, za nanomita 254, huharibu protini zenyewe, macho yako na ngozi yako. Nanomita 365 zinakutosha.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote. Kung'aa kunakuonyesha rangi iko wapi. Hakukuambii protini imeshikwa na nini, wala kama bado inafanya kazi. Chukua streptavidini uliyokwisha kuishibisha biotini huru, mifuko yake yote minne ya kunasia biotini imejaa, uimwage kwenye slaidi iliyomulikwa vilevile. Mistari ikionekana tena, haikushikwa na biotini yako, imejibandika tu. Weka slaidi nyingine isiyomulikwa kabisa, na ya tatu iliyomulikwa bila kutiwa protini. Hizo slaidi tatu za ulinganisho zinamaliza ubishi ambao picha mia nzuri haziwezi kuumaliza.

Watu wanaziruka kwa sababu zinachukua siku moja zaidi. Nimeona mabango ya utafiti yenye mistari mizuri kama ya daftari, mwenyewe akitangaza kipimo kipya cha ugonjwa. Ukimwuliza slaidi ya ulinganisho iko wapi, anakuonyesha picha nyingine iliyokolezwa. Hata kingamwili, protini inayonasa kitu kimoja maalumu, iliyokaa sawasawa kwenye mstari inaweza kuwa imelala kifudifudi, sehemu yake ya kunasa ikitazama kioo. Utajua kwa kuipa kile inachotakiwa kunasa, si kwa kuitazama.

Nenda zahanati yoyote, iwe Ujiji au Urambo, uangalie mhudumu anavyosoma kipimo cha haraka cha malaria. Nacho ni kingamwili zilizopangwa kwa mistari. Mstari wa C, yaani wa ulinganisho, usipotokea, hasomi matokeo. Anakitupa na kufungua kingine, hata kama mgonjwa amekwisha kukasirika kwa kusubiri. Anayetengeneza kipimo hawezi kudaiwa uangalifu mdogo kuliko anayekitumia.

Anza na ile slaidi ya streptavidini iliyoshiba biotini. Ukiipata picha yake, nitumie kama ilivyotoka kwenye hadubini.