Kabla hujamwomba diwani waifai ya bure

Vijana wa kata yetu wanaandaa barua kwa diwani. Wanataka serikali ilipie intaneti ya kasi nyumba kwa nyumba, kila mwananchi apate bure. Wameniomba niwasaidie kuiweka sawa kwa kuwa nina steshenari karibu na stendi, na kwa miaka mingi riziki yangu imetoka kwa watu ambao hawana intaneti. Nimeona niandike hapa ili na wa kata nyingine wafaidike. Kiu yao naielewa kabisa. Maombi yenyewe ningeyapanga tofauti.

Nenda steshenari yoyote ya mji wa wilaya mwezi Julai au Agosti, dirisha la Bodi ya Mikopo likiwa wazi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anafika kwa bodaboda kutoka kijijini. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa mtandao. Namba ya malipo ya ada ya maombi, shilingi 30,000, inatoka mtandaoni. Fomu inajazwa mtandaoni, inachapwa, inarudi kijijini kusainiwa na mwenyekiti na mdhamini, inapelekwa kwa hakimu au wakili kugongwa muhuri, kisha inaletwa tena mjini kuskaniwa na kupandishwa. Herufi moja ikikosewa kwenye jina la mama, safari inaanza upya. Nauli, kuchapa, kuskani, bando: mkopo haujatoka, na nyumbani mahindi yaliyowekwa akiba yameshauzwa.

Na huyo ni mmoja. Anayetafuta kazi serikalini anapitia Ajira Portal. Mwenye genge anayetaka leseni ya biashara anaambiwa aingie kwenye mfumo wa TAUSI. TIN, namba ya NIDA, kubadilisha tahasusi baada ya matokeo ya kidato cha nne, vyote viko huko. Sisemi mifumo hii ni mibaya. Zamani watu walilala Dar es Salaam siku kadhaa wakifuatilia faili moja. Lakini serikali ikishahamishia kaunta yake mtandaoni, mwananchi ambaye hana bando anakuwa amefungiwa nje ya ofisi ya umma. Hilo ndilo deni ambalo ningeanza kulidai.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwenye barua liwe hili: kurasa za serikali zifunguke bila bando. Linawezekana. Kampuni ya simu inaweza kuweka anwani fulani kwenye orodha ambayo haikatwi MB. Afrika Kusini iliziagiza kampuni zake kufanya hivyo kwa tovuti za elimu mwaka 2020, wakati wa Korona. Halihitaji mtaro kuchimbwa wala rauta kununuliwa. Diwani peke yake hawezi kuamua, ila anaweza kulifikisha kwa mbunge, na mbunge akalibeba hadi wizarani.

Hapo muwe macho kidogo. Kampuni binafsi ziliwahi kutuletea intaneti ya bure ya aina yake. Facebook ilikuja na Free Basics, yaani kurasa chache zisizokatwa MB, na Tanzania na Kenya tulikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo, mwaka 2014. Kasoro yake ni kwamba Facebook ndiyo iliyokuwa na mlango na masharti ya nani aingie. India ilipiga marufuku mpango wa namna hiyo Februari 2016. Orodha ya kurasa zisizokatwa MB iwe ya huduma za umma, ichapishwe wazi, na isitumike kumpendelea mfanyabiashara yeyote.

Sasa nije kwenye bure kwa kila nyumba. Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1971 serikali iliahidi maji vijijini: ndani ya miaka 20, kila kaya iwe na maji safi umbali usiozidi mita 400, bila malipo. Ilikuwa nia njema na pampu nyingi zilifungwa. Lakini dizeli iliisha, vipuri vikakosekana, na kijijini hakukuwa na mfuko wa kutengeneza kilichoharibika. Mwaka 1991 ulifika wakati vijiji vingi vikiwa na mabomba makavu. Sera ya maji ya 2002 ilisema bayana kwamba watumiaji wagharamie uendeshaji.

Intaneti ya bure inaugua ugonjwa huo huo, na nimeuona kwa macho yangu. Katika mji mmoja niliowahi kufanyia kazi, waifai ya bure ilifungwa stendi. Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai, ngoma na hotuba. Miezi ya mwanzo ilisaidia kweli. Makondakta waliitumia, mama ntilie walipokea oda za chakula, wanafunzi walijazana kwenye mabenchi jioni wakipakua mitihani ya zamani. Kisha ikapungua kasi, maana umati mzima ulikuwa unagawana laini ya kutosha ofisi moja. Halafu luku ya kibanda ikaisha. Wa stendi wakasema kifaa ni cha watu wa TEHAMA, wa TEHAMA wakasema umeme ni wa stendi. Rauta haikuwaka tena. Hela ya kununua vifaa ilikuwa imetengwa. Hela ya kila mwezi haikuwa kwenye kifungu chochote cha bajeti. Ndiyo maana mtu akiniambia neno bure, namuuliza kwanza bili inakwenda kwenye meza ya nani.

Nchi tajiri nazo hazijakimbilia huko. Ufini ilianza Julai 2010 kumhakikishia kila mkazi haki ya kuunganishwa, wakati huo kwa kasi ya angalau megabiti moja kwa sekunde, lakini bili analipa mwenyewe. Chama cha Labour cha Uingereza kiliahidi faiba ya bure kwa kila nyumba ifikapo 2030, kikashindwa uchaguzi wa Desemba 2019, na ahadi ikaishia hapo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni jimbo la Kerala, India. Serikali yake ilijenga mtandao uitwao KFON na kuuzindua Juni 2023. Kaya maskini milioni 2 ziliahidiwa kuunganishwa bure, wenye uwezo walipe bei nafuu. Tena hata hao milioni 2 hawakuanza nao wote: awamu ya kwanza ilikuwa kaya 14,000, yaani 100 kwa kila jimbo la uchaguzi. Ahadi ilikuwa kubwa na utekelezaji ukaenda polepole, lakini angalau walijua nani apewe bure na nani achangie. Sisi tayari tuna orodha za kaya maskini kupitia TASAF, kwa hiyo hoja kwamba hatuwezi kuwatambua wahitaji haina nguvu.

Uganda nao walifanya jambo la busara Kampala na Entebbe mwaka 2016. Faiba ya serikali ilikuwa inatumiwa na maofisi mchana na kukaa bila kazi usiku, basi wakaifungulia umma kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Hebu tazameni hapa kwetu. Mkongo wa Taifa, yaani faiba kuu ya serikali, umefika mikoa yote na wilaya nyingi. Jengo la halmashauri limeunganishwa, na saa 10 jioni milango inafungwa. Intaneti ile ile ingeweza kuhudumia maktaba au shule ya sekondari iliyo jirani hadi saa 4 usiku.

Kuna jambo ambalo barua nyingi zinalisahau: simu. Ripoti za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba wengi wa wasiotumia intaneti duniani wanaishi mahali ambapo mtandao tayari upo. Mwaka 2023 UCSAF, mfuko wetu wa mawasiliano kwa wote, ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na ni kazi nzuri. Lakini mnara hauna msaada kwa mama mwenye kitochi. Bajeti ya 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Kwa hiyo msiombe tu kodi iondolewe. Ombeni kompyuta chache kwenye ofisi ya kata, pamoja na kijana anayelipwa kuwaelekeza watu. Nasema hivyo nikijua wateja wangu watapungua. Sitaki mtoto wa mkulima aendelee kunilipa mimi ili aingie kwenye ofisi ya serikali yake mwenyewe.

Wengine wataniambia: serikali ikitoa intaneti, itaizima ikitaka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Iliyozimwa ilikuwa ya kampuni binafsi, tuliyoilipia kwa hela zetu. Bando la kununua halikutulinda. Kinachohitajika ni sheria inayozuia kuzima, yenye mahakama ya kukimbilia, na ningependa barua itamke hivyo bila woga, kwa sababu intaneti ikizimwa hakuna mkopo unaoombwa wala leseni inayolipiwa.

Basi barua yenyewe iwe fupi. Kurasa za serikali zisikate MB. Shule ya sekondari, zahanati na ofisi ya kata ziunganishwe, na kwa kila moja itajwe idara inayolipa bili ya mwezi na luku, pamoja na kifungu chake cha bajeti. Kaya zilizo TASAF zenye mtoto wa sekondari zisaidiwe kulipia. Kila laini iandikiwe kasi inayotakiwa na idadi ya watu inaowahudumia, maana bila hivyo mtafungiwa kitu cha kuonyesha wageni. Msiombe waifai ya stendi.

Na ipelekeni mapema. Halmashauri huanza kupanga bajeti kuanzia Novemba. Ikifika Aprili, Bunge la bajeti limeanza na nafasi imepita. Ianzie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi 3, iingie kwenye muhtasari, ndipo ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata. Laini ikishafungwa, kila mkutano wa kijiji ombeni risiti ya bili ya intaneti isomwe pamoja na taarifa nyingine za mapato na matumizi.