Supu ya Wikendi Iko kwa Wameksiko

Mtu akihamia Houston kutoka Dar, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, haipiti muda anaanza kuulizia supu. Anataka ile ya asubuhi, ya utumbo au ya kichwa, inayokamuliwa ndimu na kutiwa pilipili, ambayo ukiinywa saa mbili hukumbuki chakula mpaka jioni. Kila anayeniuliza namwambia hivi: tafuta mgahawa mdogo wa familia ya Kimeksiko, ule wenye duka la mikate humo humo ndani, na uende Jumamosi au Jumapili.

Kusini-magharibi mwa jiji, kuanzia Gulfton na kuendelea, migahawa hii imejaa. Mara nyingi imebanana katikati ya dobi na duka la kutuma pesa nyumbani, bango limeandikwa taquería y panadería, yaani taco na mikate. Ndani, upande mmoja kuna makabati ya vioo yenye mikate, upande wa pili meza chache. Mama yuko kwenye kaunta. Baba humwoni, yuko kwenye oveni tangu usiku. Anayekuja kuchukua oda ni binti yao, daftari la shule kaliacha wazi kwenye meza ya pembeni. Huyo atakusaidia kwa Kiingereza, lakini mama msalimie buenos días kabla hujaagiza chochote. Kwao kama kwetu, salamu kwanza, shida baadaye.

Utapewa menyu yenye picha za burrito na nachos zilizomwagiwa jibini ya njano. Ifunge. Havina ubaya, ila hivyo unavipata popote Texas, hata kituo cha mafuta. Tazama ukutani au karibu na mashine ya pesa, kuna karatasi imeandikwa kwa mkono: sábado y domingo, Jumamosi na Jumapili. Chini yake yapo majina unayoyahitaji: menudo, barbacoa, birria.

Menudo ni supu ya utumbo wa ng'ombe, mara nyingi na kwato ndani, iliyochemka saa nyingi mpaka mchuzi ukawa mzito. Hapa utaikuta nyekundu kwa pilipili kavu. Watu wa Sonora, jimbo la kaskazini mwa Meksiko, huipika nyeupe. Inaletwa na kisahani cha vitunguu vilivyokatwakatwa, oregano, ndimu na pilipili ya kusaga, unajitengenezea mwenyewe. Wameksiko wanaamini inamtoa mtu pombe ya jana, imani ambayo wanywaji wa supu wa Manzese hawataipinga. Nenda mapema. Ikifika saa sita mchana unaweza kukuta sufuria imebaki mchuzi tu.

Barbacoa ya Texas haina uhusiano na nyama choma. Ni nyama ya kichwa cha ng'ombe, hasa mashavu, iliyopikwa taratibu mpaka inachambuka yenyewe. Watu huinunua kwa ratili Jumapili asubuhi wakaenda kula nyumbani. Ulimi ni lengua, na sijaona Mtanzania aliyejutia taco (chapati ndogo iliyokunjiwa nyama) ya lengua. Birria, nyama ya mchuzi wa pilipili kavu, asili yake jimbo la Jalisco huko Meksiko na ni ya mbuzi, lakini migahawa mingi ya hapa sasa inatumia ng'ombe, kwa hiyo uliza: de chivo ni mbuzi, de res ni ng'ombe. Ukiambiwa chivo, agiza sahani kubwa.

Waislamu, hapa pana mengi ya kuangalia. Ukiona nyama inazunguka kwenye chuma mbele ya moto na nanasi juu yake, usidhani ni shawarma. Chimbuko ni hilo hilo, maana wahamiaji kutoka Lebanon ndio walioipeleka Meksiko, lakini huko kondoo akaondolewa akawekwa nguruwe, na jina likawa al pastor. Carnitas na chicharrón ni nguruwe pia, na pozole, yale mahindi ya supu yanayofanana na makande, kwa kawaida hupikwa na nyama hiyo hiyo. Kilichofichika zaidi ni mafuta. Maharage ya kupondwa, unga wa tamale (donge la mahindi lililofungwa kwenye ganda la muhindi), tortilla (chapati nyembamba) za ngano na hata baadhi ya mikate huweza kuwa na manteca, mafuta ya nguruwe. Uliza moja kwa moja: ¿tiene manteca de puerco? Wakijibu manteca vegetal, hayo ni mafuta ya mimea. Nyama ya kuchinjwa kwa sharia usiitarajie kabisa. Kuna mayai na nopales, majani ya dungusi yaliyotolewa miiba, na kuna samaki na kamba, ambao huongezeka hasa wakati wa Kwaresma.

Tortilla chukua ya mahindi. Kwanza ile ya asili haina mafuta. Pili, kama wanasaga wenyewe, utasikia harufu yake tangu mlangoni: mahindi yamechemshwa na chokaa, yakalala usiku kucha, yakaoshwa maganda na kusagwa yangali na maji. Ile chokaa hufungua vitamini ya niasini ambayo mwili hauipati vizuri kwenye mahindi ya kawaida. Mahindi yalipotoka Meksiko kuja duniani kwetu, ujuzi huo haukuja nayo, na waliokula mahindi matupu sehemu mbalimbali waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini.

Kuhusu pilipili: nyekundu usiiogope zaidi ya kijani. Kuna ile ya kijani laini, utadhani ni parachichi, kumbe mara nyingi ni pilipili aina ya jalapeño iliyosagwa na mafuta. Onja kwa ncha ya kijiko. Vinywaji havina shida, agua de tamarindo ni ukwaju, jamaica ni rozela, na atole ni uji wa mahindi, mtamu kuliko wetu.

Mikate unajichukulia. Kuna trei na koleo karibu na mlango. Unaweka unachotaka, unapeleka kaunta, mama anahesabu na kutia kwenye mfuko. Usishike kwa mkono. Concha, ule wa duara wenye sukari iliyochorwa juu, ndio kila mtu anaanza nao, na ni mzuri ukiwa wa siku hiyo tu, kesho umekauka. Mimi naona bolillo ndiyo kipimo cha mwokaji, mkate mdogo usio na sukari, ganda linavunjika, ndani laini. Ndio wa kuchovya kwenye menudo. Wameksiko humpa pia mtu aliyeshtuka, kwamba unatuliza moyo.

Beba noti, baadhi hawapokei kadi. Mezani acha asilimia 15 hadi 20, maana Texas mhudumu anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango cha serikali kuu ambacho hakijapanda tangu 1991, na bakshishi ndiyo inayojaza. Ukinunua mkate tu si lazima. Wakati wa kutoka, ukipita kwenye meza za wanaokula, sema provecho, yaani mlo mwema. Watakuitikia hata wasiokujua.

Januari utaona mkate mkubwa wa mviringo wenye vipande vya matunda ya sukari, rosca de reyes, wa tarehe 6. Weka oda siku chache kabla. Ndani wamefukia kitoto cha plastiki, na kipande chako kikitoka nacho, wewe ndiye utakayewanunulia wote tamale tarehe 2 Februari. Kama mko wengi, kata chembamba.