"Ongeza kwa" au "ongeza hadi"?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa kuiongezea prosesa kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani. Niliandika "ongeza umeme kwa 1.25". Mwenzangu amesahihisha: "ongeza volti hadi 1.25". Je, tofauti si ya mtindo tu?

JIBU: Hapana, na kosa hili linaweza kuunguza prosesa. Baada ya "ongeza", "punguza" au "pandisha", neno "kwa" hutaja tofauti, na "hadi" hutaja kiwango cha kufikia. Prosesa iliyo kwenye volti 1.20, ukiiongeza kwa 0.05, inafika 1.25. Ukiiongeza "kwa 1.25", maana yake ni volti 2.45, na prosesa ya kisasa haihimili hapo.

Nadhani kilichokuponza ni sentensi kama "prosesa inafanya kazi kwa volti 1.25", ambayo ni sahihi kabisa. Hapo hakuna kitenzi cha kuzidisha wala kupunguza, basi "kwa" inataja kiwango chenyewe. Kitenzi kikibadilika, maana ya "kwa" nayo inabadilika.

Bayosi nyingi (programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, ambamo volteji hubadilishwa) zina njia zote mbili: kujaza nyongeza au kujaza thamani kamili. Nyongeza ichukue "kwa", thamani kamili ichukue "hadi", na umtajie msomaji yuko kwenye njia ipi kabla hajagusa namba.

"Umeme" ni neno pana mno hapa. Mkondo hupimwa kwa ampea, nguvu kwa wati, volteji kwa volti. Volteji ikitoka 1.20 kwenda 1.30 bila kasi kubadilika, wati zinazotumika katika kuchapa kazi hupanda kama asilimia 17, maana hufuata mraba wa volteji. Ndiyo sababu joto hupanda haraka kuliko mtu anavyotarajia. Ukisema "umeme umeongezeka", ni kipi kati ya hivyo vitatu: mkondo, nguvu au volteji? Na hapa mwenzako naye ateleza kidogo: volti ni kipimo, volteji ndiyo inayopimwa, kama mita na urefu. Tunapandisha volteji hadi volti 1.25.

Angalia pia desimali. Anayesoma "moja nukta ishirini na tano" hudhani 1.25 ni kubwa kuliko 1.3. Andika 1.250 na 1.300, na utamke tarakimu mojamoja: "nukta sifuri tano" ikigeuka "nukta tano", nyongeza imekuwa mara kumi.

Ningeiandika hivi:

"Kwenye sehemu ya nyongeza, pandisha volteji kwa volti 0.010. Hifadhi, washa upya, kisha ipe prosesa kazi nzito kwa dakika 30. Kompyuta ikiganda au ikijiwasha upya yenyewe, pandisha kwa 0.010 nyingine. Joto likifika nyuzi 90 za Selsiasi, usipandishe tena, shusha kasi."